Mkaa Usiopika Ndizi

Tangu nilipovua ovaroli na kuacha gereji, mke wangu Paskazia amegundua kwamba nilikuwa mume mzuri zaidi nilipokuwa sipo. Asubuhi nakaa barazani hapa Kibeta, nasikiliza kila gari linalopanda, na kutangaza ugonjwa wake kwa sauti: hili beringi ya mbele, lile mkanda umelegea, lile dereva wake ndiye mbovu. Juzi alisimama mlangoni na mwiko mkononi akasema, kwa ile "Ta" ya heshima ya Kihaya, "Ta Leo, hayo maneno yaandike uwapelekee wenzako gerejini. Mimi sina gari."

Basi nayaandika. Mlinifanyia sherehe nikala pilau yenu, mkaniomba neno la kuagana nikasema asante na kukaa, maana nikisimama mbele za watu ulimi wangu unashika kutu. Hili ndilo neno lenyewe, limechelewa kidogo kama magari yote yaliyopita mikononi mwangu. Mnajua jina langu lilivyonitesa. Mteja anauliza, "Fundi Leo, gari linatoka lini?" Nikijibu kesho, gereji nzima inacheka.

Habari za vyeo nazipita. Pale kwetu vyeo vilikuwa viwili tu: "fundi" na "wewe, njoo hapa." Mishahara pia naipita, kwa heshima ya marehemu mwenye gereji.

Nilianza nikiwa nimetoka kidato cha nne na cheti ambacho mama alikitunza vizuri kuliko kilivyostahili. Gereji ilikuwa ya Mzee Idrisa, ambaye babu yake alikuja Bukoba na biashara kutoka pwani, akaoa hapa, akabaki. Mzee Idrisa alikuwa na Kiswahili kilichonyooka cha kuzungumza na wateja, na Kihaya kilichokamilika cha kututukana sisi. Siku ya kwanza nilifika na shati jeupe. Alilitazama muda mrefu kama mtu anayemuaga marehemu, kisha akanikalisha kwenye tairi na kupanga vikopo mbele yangu.

"Funga macho. Nusa. Hiki nini?"

"Mafuta ya taa, mzee."

"Hiki?"

"Petroli."

"Hiki?"

Nikanusa, nikanusa tena. "Sijui, mzee."

"Hiyo ni chai yangu, na imepoa kwa sababu yako."

Wiki ile yote sikushika spana. Nilinusa tu. Petroli mbichi ina harufu yake, kali, inapanda puani na kukaa kwenye paji la uso. Petroli iliyoungua nusu inatoka kwenye bomba la moshi na inawasha macho. Petroli iliyokaa muda mrefu inanuka kama rangi ya mlango. Mzee Idrisa alitaka tuzitenganishe kabla ya kufungua boneti, kwa sababu, alisema, mteja atakwambia uongo, dereva atakwambia nusu, ila harufu haina mjomba wala shangazi wa kumtetea. Nilicheka moyoni. Baadaye nilipata mashine ya kupima gari, ile mliyonifundisha ninyi kuitumia huku mkitazamana, lakini bado nilinusa kwanza.

Miaka ile magari yalikuwa na kabureta, na tangi lilikuwa tangi. Nieleze hili taratibu, maana mlizaliwa limeshaisha. Petroli haitulii. Hata gari likiwa limezimwa chini ya mti, petroli iliyomo kwenye tangi inageuka mvuke kidogo kidogo, na jua likipiga inageuka zaidi. Mvuke huo unataka kutoka. Na injini ikiwaka na petroli kupungua, nafasi inayobaki inataka hewa iingie. Kwa hiyo tangi lazima lipumue, kutoa na kuvuta. Magari ya zamani yalipumua kupitia kitundu kwenye kifuniko cha tangi, na mvuke ulikwenda zake hewani bila kuaga mtu. Lori la kahawa likisimama mchana pale uwanjani, ungeweza kujua lilipo hata umefumba macho.

Halafu yakaanza kuingia haya magari madogo ya Japani, yaliyotumika huko na kuletwa huku yakiwa na redio inayosema Kijapani. Ukifungua boneti, au ukilala chini nyuma karibu na tangi, unakuta kopo jeusi la plastiki, ukubwa wa chupa ndogo ya chai, lenye mirija mitatu ya mpira inayoingia na kutoka. Hakuna aliyelijua. Mafundi wengi mjini waliling'oa, wakaziba mipira kwa bolti, wakalitupa. Gari lilitembea, mteja akalipa, na ikaaminika kwamba Mjapani alikuwa amesahau kitu chake ndani.

Mzee Idrisa hakupenda kutupa kitu asichokijua. Alichukua kopo moja kwenye skrepa, akalikata kwa msumeno wa chuma, na zikamwagika punje nyeusi, ndogo kama pilipili manga. Akazishika, akazisaga kwenye vidole.

"Huu ni mkaa," akasema. "Mjapani anapika nini humu?"

Hapo ndipo kidato cha nne kiliponifaa, kwa mara ya kwanza na karibu ya mwisho. Nikakumbuka mwalimu wa kemia alivyotuambia kuna mkaa uliotayarishwa kwa namna maalumu, wenye vitundu vingi mno visivyoonekana kwa macho, unaoshika harufu na hewa chafu. Nikamwambia mzee. Akatazama sweta lake lililotundikwa ukutani, lile alilokuwa akivaa akipika.

"Kama sweta," akasema. "Linashika moshi wa jikoni. Ukilianika kwenye upepo, linauachia."

Sijapata maelezo bora kuliko hayo mpaka leo, na vitabu nimesoma. Mvuke wa petroli unatoka kwenye tangi kwa mpira wa kwanza na kuingia kwenye kopo. Mkaa unaushika, kama sweta na moshi. Ukiwasha gari na injini ikapata moto, kompyuta inafungua valvu ndogo kwenye mpira wa pili, na injini inaanza kuvuta. Hewa safi inaingia kwa mpira wa tatu, inapita katikati ya zile punje, inabeba ule mvuke na kuupeleka injini, nao unaungua pamoja na petroli nyingine. Sweta limeanikwa, liko tayari kwa moshi wa kesho. Kopo halijai, kwa sababu kila safari linasafishwa. Halitaki oili, halitaki grisi, halitaki mkono wako. Linataka mambo mawili tu: mipira yake iwe wazi, na liletewe mvuke, si petroli yenyewe. Ukilichovya sweta kwenye ndoo ya maji halishiki moshi tena, linadondosha maji tu.

Mpira wa hewa ukiziba utaona maajabu. Mwalimu mmoja wa Kashozi alikuja na gari linalozimika kila akifika kwenye kona ileile. Alikuwa ameshaliombea. Nilipofungua kifuniko cha tangi likavuta hewa, fyuuu, kama mtu aliyenusurika kuzama, kisha likawaka vizuri. Nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo ndani ya mpira wa hewa. Injini ilikuwa inanyonya petroli kwenye tangi lisilopumua, mpaka inashindwa. Niliutoa udongo kwa waya, na mwalimu akaniuliza kama nyigu watarudi. Nikamwambia hilo si swali la fundi. Na wale walioziba mipira kwa bolti nimewaona pia: tangi moja liliingia ndani kama kopo la maziwa lililokanyagwa. Msizibe mipira, waitu, jamaa zangu. Kama hamsikii jingine, sikieni hilo.

Sasa nifike kwenye kesi iliyonifanya niandike yote haya, kesi ya Deo na gari la masista.

Deusdedit alikuwa dereva wa masista wenye zahanati upande wa Kamachumu. Mtu mrefu, mpole, anayeegesha gari kama anayelaza mtoto. Alibeba wagonjwa, dawa, masanduku ya chanjo, na Jumapili alisoma somo la kwanza kanisani. Siku moja Kwaresima ikielekea mwisho alifika gerejini peke yake, hakutania, hakukaa.

"Ta Leo, gari linanuka petroli. Nikitoka kujaza mafuta haliwaki mpaka nipige stata nichoke, na likiwaka linatoa moshi mweusi. Na mafuta yanakwisha upesi."

"Basi tutaliona. Mbona uso umekunja hivyo? Gari ndilo linaumwa."

"Sista Imelda anasema nanyonya mafuta nauza."

Sista Imelda alikuwa mkuu mpya wa ile nyumba, mwanamke mfupi, mwepesi, anayesikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Alikuwa ameona mshale wa mafuta unashuka haraka kuliko safari. Alikuwa amenusa petroli kwenye shati la Deo. Na kwenye buti alikuta dumu tupu, ambalo Deo alibebea maji ya rejeta. Ukiyapanga hayo matatu, hata mimi ningemfunga. Alimwambia Deo atampa mpaka Pasaka alete maelezo, vinginevyo akabidhi funguo.

"Kazi naweza kupata nyingine," Deo akasema. "Lakini Kamachumu unaijua. Wameshaanza kuniita 'sheli'. Nikiondolewa kwa wizi, nitasimama wapi kusoma somo? Mtoto wangu atapita wapi?"

Nikalala chini ya gari. Harufu ilikuwa petroli mbichi, si ya bomba la moshi. Nikafuata pua mpaka kwenye kopo, nikalifungua mipira nikalishika. Kopo zima ni jepesi kama kikombe cha plastiki. Hili lilikuwa zito, na nilipolitikisa lilisema chwa, chwa. Ndani mlikuwa na petroli yenyewe. Punje za mkaa zilikuwa zimevunjika na nyingine zimesafiri mpaka kwenye valvu, zikaikwamisha wazi. Injini ilikuwa inalishwa petroli ya ziada wakati wote, ndiyo maana moshi mweusi, ndiyo maana haikuwaka baada ya kujaza, ndiyo maana mafuta yalikwisha.

Swali likawa petroli ilifikaje huko. Nikamuuliza Deo anajazaje tangi. Hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, uso wake ukafunguka.

"Vizuri sana, Ta Leo! Pampu ikikata, namwambia mhudumu aongeze. Ikikata tena, tunatikisa gari, mimi nyuma na yeye ubavuni, hewa inatoka, mafuta yanashuka, tunaongeza tena. Mpaka uyaone yanang'aa shingoni. Mimi siachi hata tone la masista kwenye mpira wa pampu."

Mnaijua desturi hiyo. Sote tumeifanya, maana ukipanda kule juu huna hakika kama sheli ya njiani ina mafuta, na hakuna anayetaka kulipia hewa. Lakini Mjapani aliacha ile nafasi ya juu kwenye tangi makusudi, iwe ya mvuke. Ukiijaza na kutikisa gari, petroli haina pengine pa kwenda, inapita kwenye mpira wa mvuke na kuingia kwenye kopo. Yaani kila Deo alipokuwa mwaminifu, alikuwa analizamisha kopo. Kadiri alivyoogopa kuwaibia masista tone moja, ndivyo alivyozidi kunuka kama mwizi.

Nikamweleza. Nikamwambia, "Mkaa wake umekufa. Nitaagiza kopo la gari la aina hii Mwanza, lije na meli. Kwa sasa nimeipuliza valvu, endesha taratibu, na usijaze kupita pampu ikikata." Akanishukuru, akaondoka.

Ndugu zangu, angalieni jinsi mnavyosema na wateja. Mimi nilisema mkaa. Deo alisikia mkaa.

Siku chache baadaye gari likarudi likikohoa, na safari hii Sista Imelda alikuwa kiti cha mbele, mkoba magotini, midomo imefungwa. Deo alishuka akasimama mbali kidogo, ananitazama kama anayeomba nimwombee. Sista hakunisalimu kwa urefu.

"Fundi Leo, wewe ndiye unayemtetea huyu?"

"Mimi natetea gari, Sista. Dereva nimemkuta ndani."

"Mafuta nilielewa. Mafuta yanauzika. Sasa mpishi wetu ananiambia mkaa unapungua jikoni, tena vinachaguliwa vile vipande vizuri. Akamwona huyu anatoka na mfuko. Niambie wewe mwenye akili, mkaa wa nini?"

Nikamgeukia Deo. Akawa anatazama viatu vyake.

"Deo," nikasema, "usiniambie."

"Ulisema umekufa, Ta Leo."

Nikalala chini ya gari kuficha uso. Kopo lilikuwa limekatwa kitako kwa msumeno, likabandikwa tena kwa gundi na kufungwa kwa mpira wa baiskeli, kazi safi, naisifu. Nikalitoa, nikalifungua juu ya gunia mbele ya Sista. Ukamwagika mkaa wa jikoni, umepondwa kwa uangalifu, umepepetwa, kama mtu anayetaka kupika ndizi za wageni wa heshima. Vumbi lake lilikuwa limejaa kwenye valvu na mpaka kwenye mpira wa injini.

Mafundi wote waliacha kazi. Mmoja akauliza kama gari linataka na kiberiti. Mwingine akamwambia Deo, "Ungeongeza na sufuria, bwana, tufike mchana chakula tayari." Hata mimi, mtu mzima, nilikaa chini nikacheka mpaka nikashika ubavu. Deo hakucheka. Alisema kwa sauti ndogo, "Nilitaka lipone kabla ya Pasaka."

Sista Imelda pia hakucheka. Aliinama, akachukua kipande cha mkaa, akakitazama, akamtazama Deo. Nikadhani mambo yamekwisha. Nikamweleza habari ya sweta na moshi, na kutikisa gari, na tone la masista. Alisikiliza yote, kichwa upande.

"Nani alikufundisha kutikisa gari?" akamuuliza Deo.

"Sista mkuu aliyekutangulia. Alisema mafuta haya ni ya wagonjwa, yasibaki sheli."

Kisha akanigeukia. "Fundi, maneno yako ni mazuri. Lakini wewe na Deo mmejuana siku nyingi, mnaitana Ta huyu, Ta yule. Sitamfukuza kwa harufu, na sitamsamehe kwa hadithi ya sweta. Hili gari, ukilirudisha kama lilivyo, litaumwa vilevile?"

"Litaumwa zaidi."

"Basi lirudishe kama lilivyo. Nitaliendesha mwenyewe mpaka hilo kopo lako lije. Deo atabaki kupalilia kahawa, hatagusa mlango wa gari. Funguo zitakaa kwangu. Mafuta nitajaza kama yeye anavyojaza, na kutikisa nitatikisa. Kama mafuta yanaibwa na mtu, yataacha kuibwa. Kama yanaibwa na gari, tutajua."

Nikataka kumwambia kwamba kilima cha kupanda Kamachumu na gari lile si cha kufanyia majaribio. Nikamtazama usoni, nikaamua kutafuta spana. Niliipuliza valvu liweze kuondoka, nikarudisha mkaa wa jikoni mahali pake. Tangu nianze ufundi sikuwahi kutoa gari gerejini likiwa bovu kwa ombi la mwenyewe. Yalitoka mengi mabovu, lakini si kwa ombi.

Wiki ile nililala vibaya, na mimi ni mtu wa kulala. Paskazia akaniuliza kama nina deni au mwanamke. Nikamwambia nina kopo. Nilijua nilichokinusa, lakini kuna sauti ilikuwa inauliza: na kama Deo alikuwa ananyonya pia? Kopo bovu halimzuii mtu kuwa mwizi. Gari likipona mikononi mwa Sista, maneno yangu yote yangegeuka kuwa ya fundi mnafiki na rafiki yake, na Deo angeondoka Kamachumu kichwa chini. Nikaomba gari liumwe. Sijui kama sala hiyo inaruhusiwa katika Juma Kuu.

Alhamisi Kuu asubuhi, gari likasikika kabla halijaonekana. Liliingia uwanjani likitoa moshi mweusi, likatetemeka, likazima lenyewe. Sista Imelda akashuka. Mikono ilikuwa na masizi, viatu vina matope mpaka kwenye kifundo. Alikuja moja kwa moja mpaka niliposimama, akavua shela lake, akabaki na kitambaa cha ndani, akaninyooshea shela mbele ya wote.

"Nusa."

"Sista, mimi…"

"Nusa, Fundi! Kazi yako si kunusa?"

Nikanusa. Petroli mbichi, ile inayopanda mpaka kwenye paji la uso.

"Limenizimikia kwenye kilima mara mbili," akasema. "Mama mjamzito alikuwa nyuma, nikashuka nikasukuma na watu wa sokoni. Mafuta yameshuka kama kawaida. Chumba changu kinanuka, sala zangu zinanuka. Mpishi ameniuliza kama nimeanza biashara." Akavuta pumzi. "Sasa niambie, nani ananyonya mafuta? Mimi?"

Mafundi waliokuwa wanajifanya kufanya kazi waliacha hata kujifanya. Kwa mara ya kwanza nikaona mdomo wa Sista Imelda unacheza pembeni. Halafu akacheka, kicheko kikubwa kisicholingana na mwili wake, mpaka akashika boneti. Niliipuliza valvu tena, akaondoka nalo.

Kopo lilifika na meli siku iliyofuata, na Jumamosi Kuu asubuhi Sista akaja nalo gari, Deo akiwa kiti cha nyuma kama mgonjwa. Hakuna aliyemwambia akae pale, alijiweka mwenyewe. Nilitoa lile kopo la jikoni, nikasafisha mipira yote kwa hewa, nikabadilisha valvu, nikafunga kopo zima, jepesi, kavu. Nikavuta hewa kwa mdomo kwenye mpira wa tatu kuhakikisha unapita. Mashine ya kupima ikasema hakuna kosa, nami nikanusa kuhakikisha mashine haisemi uongo.

"Sasa tukajaze," Sista akasema. "Ugonjwa ulikuwa unaanzia sheli, tukauone sheli."

Tukaenda wote watatu, nami nikatupa spana zangu kwenye buti. Sheli ilikuwa na watu, si mnajua siku ya kuamkia sikukuu. Bodaboda, magari ya kwenda Muleba, kina mama wenye mikungu ya ndizi. Mhudumu wa pampu alimwona Sista anashuka upande wa dereva, akasema kwa sauti ya utani, lakini ya kutafuta habari, "Sista, siku hizi unaendesha mwenyewe? Tulisikia yule dereva wako ana mambo yake."

Watu kadhaa wakageuka. Deo, nyuma, aliinama kana kwamba anatafuta kitu sakafuni.

Sista Imelda alizunguka gari, akafungua mlango wa nyuma, akasimama ameushika mpaka Deo akatoka. Kisha akaweka funguo mkononi mwake, si kwa kumpitishia chinichini, bali akiziinua juu, mahali ambapo kila aliyekuwa pale angeziona.

"Mlisikia vibaya," akamwambia mhudumu, na sauti ilikwenda mpaka kwenye bodaboda za mwisho. "Dereva wangu ni huyu. Mimi nilikuwa napima gari. Jaza."

Mafuta yakaingia. Pampu ikakata, tak. Mhudumu, kwa mazoea, akaja ubavuni na kuweka mikono, tayari kutikisa. Na Deo, maskini, mikono yake miwili ilikuwa tayari imeshika buti kabla hajajua inafanya nini.

"Deo!"

Akaiondoa kama aliyeshika sufuria la moto.

"Tone moja likizidi hapo," Sista akasema, "hapo ndipo nitakuita mwizi."

Watu wakacheka, na Deo akacheka pia, kicheko kilichotoka kwa shida kama bolti yenye kutu, kisha kikafunguka chote. Akakaa kwenye kiti chake. Akarekebisha kioo. Sista akazunguka akakaa pembeni yake. Gari ambalo kwa miezi halikuwahi kuwaka kirahisi likitoka kujazwa, Deo alilipiga stata mara moja tu, nalo likaitika pale pale, bila moshi, bila kukohoa, taratibu kama mtu anayeendelea na mazungumzo. Nilisimama karibu na pampu nikatega pua. Hakukuwa na harufu yoyote isipokuwa ya ndizi na ya watu.

Wakaondoka. Wakashika barabara ya Muleba, mkono wa Deo nje ya dirisha ukipungia kila mtu, na gari lilipopotea kwenye kona ndipo nilipokumbuka kwamba nilikuja nao, na spana zangu zote ziko kwenye buti. Nilirudi nyumbani Kibeta kwa miguu, mtu mzima mwenye ovaroli asiye na hata bisibisi mfukoni, nikipiga mluzi njia nzima.